Injini Ipi Kwenye Lori la Porini? Majibu kwa Wasomaji

SWALI
Nina Mercedes-Benz LA 1113 B inayovuta magurudumu yote manne. Natoa magogo na mbao mashambani huku Njombe, uzito wote ukifika tani 11. Injini yake ni OM352 isiyo na tabo (pangaboi linalosukuma hewa zaidi ndani ya injini). Bloku imepasuka kwenye njia ya maji na fundi amekataa kuichomelea. Nimeonyeshwa injini tatu za mtumba: OM366A ya Benzi, 6D16 ya Fuso ikiwa na giaboksi yake, na 6HH1 ya Isuzu bila giaboksi. Jirani yangu ananisihi nichukue iliyo kubwa kuliko zote. Nichague ipi?
Msomaji, Njombe

JIBU
Pole, ndugu. Fundi wako amekushauri vyema: bloku iliyochomelewa kwenye njia ya maji hufunguka tena kando ya weldi baada ya kupata joto na kupoa mara chache, na siku hiyo utakuwa umebeba mzigo.

Jirani yako anapima kwa ujazo: OM352 ina sentimita za ujazo 5,675, OM366A 5,958, 6D16 7,545 na 6HH1 8,226. Sisi tunakuomba uanze upande mwingine kabisa. Anzia kwenye tairi, uje difu, transfa (boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), giaboksi, halafu ndiyo ufike kwenye injini. Lori hili limepangwa kubeba nguvu ya kiasi fulani, na injini inayozidi kiasi hicho haitaonyesha kosa siku ya kwanza. Itaonyesha pale eksili itakapokatika porini.

Chukua mfano wa hesabu, kisha uweke namba za vibati vyako mwenyewe. OM352 hutoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya karibu Nm 363. Tuseme gia ya kwanza ni 8, gia ya chini ya transfa ni 1.7 na difu ni 6. Zidisha zote, toa asilimia 15 inayopotea njiani, utapata kama Nm 25,000 kwenye magurudumu. Sasa tazama ardhi. Kwenye matope mshiko ni karibu 0.3 ya uzito. Lori la tani 11 lenye tairi ya nusu kipenyo cha mita 0.51 litaanza kuteleza likifikisha Nm 16,500 hivi. Kwa hiyo injini yako ya zamani ilikuwa tayari inaweza kuzungusha magurudumu yote bure kwenye matope. Injini kubwa zaidi haikutoi hapo hata hatua moja. Tairi nzuri na upepo uliopunguzwa ndivyo vinavyokutoa. Hatari ni pale umefunga difu loku, gurudumu moja limekaa juu ya mwamba na mengine yanaelea: torki yote inapita kwenye eksili moja, na ile Nm 25,000 ikiwa imegeuka 40,000 kwa injini kubwa, chuma hakina pa kukimbilia.

Injini yenye nguvu inasaidia mlimani, na kwenu Njombe kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau: hewa. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Njombe ipo karibu mita 2,000, kwa hiyo zile nguvu farasi 130 (kilowati 96) za kwenye kitabu zinabaki kama 104. Mlima wa asilimia 6 kwenye barabara ya changarawe, ukiwa na tani 11, unakupa mwendo wa kilomita 27 hivi kwa saa. Injini yenye tabo na kilowati 125 hushuka kidogo sana kwenye mwinuko huo, na mlima uleule itaupanda kwa kilomita 44. Injini isiyo na tabo yenye kilowati 125 zilezile kwenye kibati itapanda kwa 35. Kwa mtu wa nyanda za juu, tabo ina thamani kuliko ujazo.

Ndiyo maana chaguo letu la kwanza kwako ni OM366A, ambayo ina tabo, mradi iwe nzima. Ni ndugu wa OM352: inakaa kwenye nafasi ileile, maunti (vishikizo vya injini kwenye chesisi) na belhauzi (ganda linalounganisha injini na giaboksi) vinakubaliana, na hupangi upya propela. Nguvu yake, karibu farasi 170, inafika kwa mizunguko 2,600 badala ya 2,800, kwa hiyo mwendo wa juu utapungua. Kwa difu ya 6 na tairi yenye mzunguko wa mita 3.2, ulikuwa ukifika kilomita 90 kwa saa kwenye gia ya moja kwa moja. Sasa utafika 83. Kama transfa yako ina upungufu wake kwenye gia ya juu, gawanya tena kwa namba hiyo. Usimruhusu mtu akufungulie gavana, kifaa cha pampu kinachodhibiti mizunguko ya injini, ili urudishe kilomita hizo saba.

Jambo moja limeunguza vali nyingi kwenye ubadilishaji huu. Fundi aliyezoea OM352 anaweka nafasi za vali milimita 0.20 kwa hewa na 0.30 kwa moshi, akiwa hata haangalii kitabu. OM366 inataka 0.40 na 0.60, injini ikiwa baridi. Ukiiwekea nafasi za dada yake, vali ya moshi haikai vizuri kwenye siti, inakosa pa kupozea joto lake, na ndani ya miezi michache silinda moja inapoteza kompresheni. Andika namba hizo kwa rangi juu ya kifuniko cha vali.

Torki ya OM366A inazidi ya OM352 kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo soma kibati cha giaboksi ujue kikomo chake kabla ya kulipa. Kama kimekaribiana mno, mpe fundi pampu kazi ya kupunguza kiasi cha dizeli akiwa kwenye benchi. Kilowati 115 zitakutosha, na giaboksi itadumu. Ukitaka kujua torki kwa mzunguko wowote, zidisha kilowati kwa 9,550, gawanya kwa mizunguko ya dakika. Kilowati 125 kwa mizunguko 2,600 ni Nm 459, na chini ya hapo, karibu na mizunguko 1,500, torki huwa juu zaidi.

Ikiwa OM366A hiyo ni mbovu, au bei yake imepaa, chukua 6D16. Faida yake kubwa ni vipuri: Fuso zimejaa kila mji wa Tanzania, na pistoni, ringi, slivu, beringi na gasketi zake hazisubiri meli. Usiitoe kwenye giaboksi yake. Mafundi wengi huwa na haraka ya kuiunganisha na giaboksi ya Benzi, hapo ndipo taabu inapoanzia: belhauzi ya kuchonga, diski ya klachi yenye meno ya Benzi na presha pleti ya Fuso, beringi ya nyuma ya krenki yenye tundu lisilolingana. Kwenye lori lako transfa imekaa peke yake, ikiunganishwa na giaboksi kwa propela fupi. Kwa hiyo injini na giaboksi ya Fuso vinaweza kuingia kama kitu kimoja, na kazi ya kuchonga ikabaki kwenye flanji moja na propela moja. Ila kagua gia ya kwanza. Ya zamani ilikupa 363 mara 8, yaani Nm 2,904 zinazoingia kwenye transfa. Giaboksi mpya ikiwa na gia ya kwanza ya 6, injini lazima itoe angalau Nm 484 ndipo usirudi nyuma kwenye kuondoka na mzigo.

Kuhusu sampu, yaani karai la oili chini ya injini: Fuso ya barabarani haina difu ya mbele, kwa hiyo sampu yake imeshuka bila kuogopa kitu. Lori lako lina difu inayopanda kila springi ikibanwa. Ondoa pleti za springi ubakishe moja, pandisha eksili kwa jeki mpaka iguse raba ya kikomo, halafu pima. Baina ya difu na sampu acha milimita 50 kwa uchache, kwani injini nayo inacheza kwenye maunti. Sampu ikikatwa na kuundwa upya, kijiko cha kunyonyea oili kisogezwe pamoja nayo, kiwekwe mahali ambapo hakitabaki kwenye hewa lori likiwa limeinama nyuzi 30, na ukuta wa kuzuia oili isikimbie uchomelewe ndani. Krenki hunoki kwa sekunde chache tu za kunyonya hewa.

6HH1 tungeiacha. Si injini mbaya hata kidogo. Ila imekuja bila giaboksi, ni kubwa, na uzito wote wa ziada unakaa juu ya eksili ya mbele, ambayo kwenye lori lako inavuta pia. Ukiipenda sana, ipime kwenye mizani pamoja na flaiwili na stata, ulinganishe na OM352 ulivyoitoa.

Injini yoyote utakayoipata, usiilipie kwa kuisikiliza tu. Iwashwe ikiwa baridi kabisa. Gusa bloku kwanza, muuzaji anaweza kuwa ameipasha moto kabla hujafika. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inazunguka: mvuke mwepesi ni kawaida, lakini ikipumua kwa nguvu ya kurusha kifuniko, ringi zimekwisha. Pima kompresheni silinda zote sita. Tofauti baina ya kubwa na ndogo isizidi asilimia 10. Shika shafti ya tabo kwa vidole: mchezo mdogo wa pembeni unaruhusiwa, wa mbele na nyuma usisikike kabisa. Toa sampu, fungua beringi mbili za koni rodi, ya kwanza na ya sita. Muuzaji akikataa sampu isifunguliwe, tafuta mwingine.

Kwenye kufunga, tumia maunti za pointi tatu, mbili pembeni kwenye mwisho mmoja wa injini na moja katikati ya mwisho wa pili. Chesisi ya lori hili imetengenezwa ijipinde porini. Ukiibana injini kwa pointi nne ngumu, chesisi itaifanya injini kuwa kiungo chake, na masikio ya belhauzi yatapasuka. Rejeta ya farasi 130 haitoshi farasi 170 mlimani, ambako lori linakwenda polepole na upepo wa mwendo haupo. Weka yenye safu moja zaidi, na kava la feni lifunike nusu hadi theluthi mbili ya upana wa pangaboi. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile ya moto nyuma ya rejeta.

Mwisho, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Chukua risiti na nyaraka za injini kutoka kwa muuzaji, uende TRA kubadilisha taarifa kabla hujaingia barabarani na mzigo.

SWALI
Mafundi, habari za kazi. Nimenunua kwa mnada Cummins 6BT iliyokuwa ikiendesha jenereta. Saa zake si nyingi na inawaka mara moja. Nataka kuiweka kwenye Bedford ya zamani ya jeshi ya kupeleka maji huku Isiolo. Naambiwa nifunge tu na kuondoka. Je, ni kweli?
Msomaji, Isiolo

JIBU
Injini ni nzuri, ndugu yetu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufunga. 6BT ina silinda sita za kipenyo cha milimita 102 na mwendo wa pistoni wa 120, jumla sentimita za ujazo 5,883, na inavumilia mengi. Lakini injini ya jenereta imelelewa kufanya kazi moja tu.

Tatizo la kwanza ni pampu. Jenereta ya umeme wa kwetu, wa hezi 50, inazunguka 1,500 kwa dakika na gavana yake imepangwa isitoke hapo. Ukiifunga kwenye lori, kanyagio la mafuta litakuwa halina kazi: injini itang'ang'ania mwendo mmoja. Pampu ipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye benchi ya majaribio, iwekewe gavana ya mwendo wote, mzunguko wa chini uwe kati ya 750 na 800, wa juu karibu 2,500. Mpelekee namba ya CPL iliyo kwenye kibati cha injini. Namba hiyo ndiyo inayomwambia pistoni, nozeli na pampu zipi ziliwekwa kiwandani. Bila hiyo mtakuwa mnabahatisha, na vipuri utaviagiza mara mbili.

Pili, flaiwili. Ya jenereta imetengenezwa ifungwe pleti ya kuunganisha, si klachi. Utahitaji flaiwili ya lori yenye uso wa klachi na nafasi ya beringi ya mbele ya shafti ya giaboksi. Belhauzi ipime kwa rula kabla ya kununua adapta: namba 3 ya SAE (vipimo sanifu vya belhauzi) ina boliti 12 kwenye duara la milimita 428.6, namba 2 boliti 12 kwenye 466.7, na namba 1 boliti 12 kwenye 530.2. Idadi ya boliti ni ileile, kwa hiyo kuzihesabu hakusaidii. Adapta ikishafungwa, weka geji ya saa kwenye krenki, izungushe ikisoma mdomo wa ndani wa belhauzi. Tunataka isizidi milimita 0.2. Ikizidi, shafti ya giaboksi inazunguka ikiwa imepinda kidogo kila mzunguko. Diski ya klachi hukatika katikati, na mwenye gari hulaumu diski.

Tatu, feni. Feni ya jenereta nyingi inasukuma hewa kwenda nje kupitia rejeta. Lori linataka ivute kuja ndani, la sivyo itapigana na upepo wa mwendo na gari litachemsha. Na usihangaike kuigeuza feni ileile nyuma mbele: ukiigeuza bado inapuliza upande uleule, tena kwa udhaifu zaidi. Nunua yenye pangaboi za mwelekeo mwingine.

Sasa lile ambalo hatutaki ulipuuze. Kwenye 6BT nyingi za vali 12 kuna pini ndogo ya chuma inayoshikilia nafasi ya hauzi ya gia za mbele. Haina kizuizi. Kwa mtikisiko wa miaka inatoka taratibu, na ikidondoka inaingia kwenye gia za taimingi. Ukibahatika inapasua hauzi tu. Usipobahatika gia zinavunjika, vali zinagonga pistoni. Injini ikiwa bado chini, fungua kifuniko cha mbele, irudishe pini kwa nyundo na panchi, kisha funga kipande cha bati nene chini ya boliti ya jirani kikae juu ya tundu lake. Ni kazi ya nusu siku. Injini ikishaingia kwenye Bedford, ni kazi ya siku mbili.

Angalia pia umeme. Jenereta yako inaweza kuwa ya volti 12 na Bedford ya jeshi ni ya 24. Stata, oltaneta na solenoidi ya kuzimia viende pamoja. Nafasi za vali ni milimita 0.25 hewa na 0.51 moshi, injini ikiwa baridi. Na kumbuka kwamba 6BT haina slivu: silinda zimechongwa kwenye bloku yenyewe. Vumbi la Isiolo likiipata, utachonga silinda na kuweka pistoni za ukubwa wa juu. Kwa hiyo chujio la hewa liwe kubwa, bomba lake lichukue hewa juu ya paa, na viungo vyote kati ya chujio na injini vifungwe kwa klipu za boliti. Paka grisi nyembamba ndani ya bomba baada ya chujio, tembea wiki moja, kisha pitisha kidole. Ukikuta mchanga, hewa inaingilia mahali ambapo hujapaona.

SWALI
OM352 yangu bado nzima. Kwa nini nisiifunge tabo tu, nikaokoa hela ya injini?
Msomaji, Mbeya

JIBU
Inawezekana kwa kiasi. Kiwanda chenyewe kilitoa OM352A yenye tabo, lakini hakikufunga tabo peke yake juu ya injini ileile. Kiliiandaa injini kwa joto lile. Kama unataka tu kurudisha nguvu iliyopotea kwa mwinuko wa Mbeya, tabo yenye shinikizo dogo, bar 0.4 hivi, bila kuongeza dizeli kwenye pampu, itapunguza moshi na joto na itakupa karibu na zile farasi 130 za kitabu. Mambo huharibika pale fundi anapofungua skrubu ya dizeli. Weka geji ya joto la moshi, kihisi chake kiwe kwenye manifoldi kabla ya tabo, na mlimani usivuke nyuzi 650 za Selsiasi kwa muda mrefu. Ikifika hapo shusha gia. Bila geji hiyo, usifunge tabo. Oili ya kulainisha tabo irudi kwenye sampu kwa bomba nene linaloshuka moja kwa moja. Likipinda kwenda juu hata kidogo, oili inavuja kwenye sili na watu wanadhani tabo imekufa.

SWALI
Niko Bukavu. Nimepewa bei nzuri ya injini mpya-mpya ya komoni reli yenye kompyuta. Barabara zetu mnazijua. Niichukue?
Msomaji, Bukavu

JIBU
Tunakushauri uiache, ndugu. Komoni reli ni bomba moja linalogawia nozeli zote dizeli; humo inabanwa kwa zaidi ya bar 1,000, na nozeli zake zinaharibiwa na maji kiasi kidogo ambacho pampu ya zamani ingekivumilia. Dizeli inayouzwa kwa madumu njiani ina maji. Ukiichukua injini bila kompyuta yake, waya zake zote, kanyagio lake na vihisi vyake kutoka gari lilelile, umenunua chuma tu. Tafuta yenye pampu ya safu ya Bosch, ambayo fundi wa mjini kwako anaweza kuifungua mezani. Ukishaipata, weka vichujio viwili vya dizeli, cha kwanza kiwe na kikombe cha kioo cha kutenga maji, ukifungue kila asubuhi kabla ya kuwasha mpaka dizeli itoke safi.